Nje ya Kisu

Mwaka wa kumi na moja huu naikata Ngorongoro.
Kila Oktoba inaletwa mezani kwangu, robota kwa robota,
wino haujakauka vizuri.
Naipanga, naigonga kingo zikae sawa,
nashusha kisu. Kwachu.
Kalenda ya duka la nondo.
Kalenda ya zahanati.
Kalenda ya chama cha kuzikana, Buguruni.
Bonde lilelile, Januari,
na majani ambayo mimi na Faraji tu tunajua
tuliyaongezea njano, maana mteja alisema yamefifia.

Kulikuwa na gari jeupe kule chini. Nililifuta mimi,
tairi moja moja,
kisha nikafuta vumbi lake.

Sasa tumevunja kikoba.
Mgao wangu umo kwenye bahasha ya kaki, chini ya godoro,
na Eliamani ametuma ujumbe: wanakodi gari kule Karatu,
watu sita, amepungua mmoja.
Nijibu kabla ya Ijumaa.
Leo Alhamisi.

Nimeuliza, nani sijamuuliza?
Wifi yangu Sekunda alikwenda na kwaya:
“Ukungu, wifi. Ukungu mpaka saa nne.
Nilisimama ukingoni nikaona weupe mtupu,
kama mtu kaanika shuka mbele ya uso wangu.
Nikala yai langu la kuchemsha, nikarudi garini.”
Wahenga walisema macho hayana pazia.
Hawakupanda kule asubuhi.

Fundi Mbwambo, ambaye hajavuka Korogwe,
anasema nyati ni ng'ombe mwenye kisirani,
na ng'ombe wapo mnadani Pugu,
kuwatazama bure.

Hidaya wangu hakusema kitu.
Alichukua kalamu, akaandika nyuma ya risiti ya luku:
bati ishirini na mbili, misumari, fundi siku mbili.
Akaibandika ukutani, karibu na Januari.

Na mimi sijadanganyika.
Hayo majani nimeyapaka rangi kwa mkono huu,
nitayashangaa vipi?
Nikifika nikakuta yamekauka, ya kahawia, ya kawaida,
nitamdai nani? Faraji?

Jioni umeme umekatika, mtaa mzima wa Kariakoo ukaguna.
Nikafagia mabaki kwa mwanga wa simu:
vipande vyembamba vya pembeni, upana wa kidole,
vile tunavyowauzia wafunga karanga.
Juu kipo kipande cha wingu. Chini kuna vidoa vya kupimia rangi.
Na katikati, kama kila mwaka,
kiwiko.

Kiwiko cha mtu, mkono wa sweta la bluu,
na kikombe cha bati kinachofuka moshi.
Basi. Mtu mwenyewe hayumo,
alishakatwa na mpiga picha kabla yangu,
mimi nammalizia tu.
Miaka kumi na moja namfagia sijawahi kumsalimu.

Nikakisogeza kwenye mwanga.
Kiwiko kimeelekea upande wa pili, kusiko na bonde.
Uzuri wote ule ambao watu wanauchangia fedha,
yeye kaupa mgongo, anakunywa chai yake.
Anatazama nini?
Kama ni choo, sawa. Kama ni mbwa, au mwenzake
anayebadilisha gurudumu, sawa vilevile.
Nataka kujua kulikuwa na nini huko
ambako kisu changu hakijawahi kunionyesha.

Nimemjibu Eliamani: niwekee siti,
si lazima iwe dirishani.
Sweta nitaazima kwa Sekunda, hata kama atanicheka,
na atanicheka, hasa kukiwa na ukungu.

Hidaya amesoma ujumbe begani kwangu.
Amenyamaza kidogo,
kisha akainuka kulisogeza beseni
mahali tone linapoangukia siku hizi.
“Bati kumi na moja basi,” akasema, “za upande wangu.”